Mkandarasi Amefilisika, Advansi Yako Je?

Barua yenyewe huwa ya kurasa mbili. Juu pana jina la mahakama ya mufilisi, na chini yake jina la mkandarasi aliyebomoa jiko lako mwezi wa tatu akatoweka mwezi wa nne. Imekufikia kwa sababu yeye mwenyewe, chini ya kiapo, amekutaja katika orodha ya watu wanaomdai. Jirani atakuambia basi, yamekwisha, Marekani mtu akishatangaza kufilisika madeni yake yanafutwa, wewe hesabu hasara. Jirani amekosea. Ila usipofanya lolote katika wiki chache zijazo, maneno yake yatageuka kuwa kweli.

Sheria ya Mufilisi ya Marekani, iliyopitishwa na Bunge mwaka 1978 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, imejengwa juu ya huruma. Mtu aliyekopa kwa nia njema, kisha akaugua, akaachishwa kazi au biashara ikamwendea mrama, anapewa nafasi ya kuanza upya. Chini ya Sura ya 7, mali yake isiyolindwa na sheria huuzwa, wadai hugawana kinachopatikana, na madeni yanayobaki hufutwa, mara nyingi ndani ya miezi minne hivi. Chini ya Sura ya 13 hulipa kidogo kidogo kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Lakini huruma hiyo ina mipaka, na mipaka imeorodheshwa katika kifungu cha 523: matunzo ya watoto, kodi za aina fulani, mikopo mingi ya wanafunzi na, linalotuhusu hapa, deni la fedha, mali au huduma iliyopatikana kwa hila, kwa maelezo ya uongo au kwa ulaghai.

Wengi wakifika hapo hufunga kitabu wakiwa wamefarijika. Wamesoma nusu ya habari. Matunzo ya mtoto hayafutwi hata kama mama hakunyanyua simu. Deni la ulaghai halina bahati hiyo. Ni lazima mdai mwenyewe afungue shauri ndani ya mahakama ya mufilisi, alete hati ya madai na ushahidi kama katika kesi nyingine yoyote, na kuomba itamkwe kwamba deni hili halifutiki. Muda wa kufungua ni siku 60, zikihesabiwa tangu tarehe ya kwanza iliyopangwa kwa mkutano wa wadai. Iliyopangwa, si ile ambayo mkutano ulifanyika kweli. Hata ukiahirishwa mara tatu, siku zinaendelea kuhesabiwa. Tarehe ya mwisho huwa imechapwa katika barua ile ile. Anayehitaji muda zaidi lazima auombe kabla haujakwisha. Mtu aliyetapeliwa dola 40,000, mwenye mkataba, risiti na ujumbe wa simu unaomuumbua mkandarasi, akichelewa siku moja tu deni lake linafutwa pamoja na la kadi ya mkopo.

Mimi naiona hiyo kuwa sehemu kali kupita zote katika sheria hii, na inamwonea mtu wa kawaida. Benki ina idara nzima ya wanasheria inayofungua barua kama hizo kila asubuhi. Mama mwenye jiko lisilo na sakafu anaiweka juu ya friji hadi apate mtu wa kumwelezea inasema nini. Si lazima iwe hivyo: Uingereza, sheria yao ya mwaka 1986 inasema tu kwamba kuondolewa katika ufilisi hakumwondolei mtu deni la ulaghai aliohusika nao, na haimtaki mdai akimbizane na siku 60. Kenya na Tanzania nazo zinashika kanuni ya msingi kwamba ulaghai hausafishwi kwa kufilisika, ingawa njia ya kuufikia msamaha wenyewe ni tofauti na ya Marekani. Kwa hiyo ndugu aliyehamia Minneapolis au Dallas akiwa na mazoea ya nyumbani, kwamba mahakama itamkumbuka, ndiye wa kwanza kuumia.

Na kama mkandarasi hakukutaja kabisa kwenye orodha yake? Hapo sheria inakuhurumia: deni la ulaghai la mdai asiyepewa taarifa halifutwi kwa sababu ya kuchelewa. Lakini tahadhari, kinachotazamwa ni kama ulijua. Ukisikia kutoka kwa mkandarasi mwenyewe, au kwa wakili wake, kwamba kesi imefunguliwa, siku zako zinahesabiwa hata kama posta haijakuletea chochote.

Tuje kwenye swali linalowaangusha hata waliofika kwa wakati. Ulitapeliwa, au ulifanyiwa kazi mbovu? Kwa mwenye nyumba hakuna tofauti, paa linavuja vile vile. Kwa jaji, hiyo ndiyo kesi yenyewe. Mkandarasi aliyeahidi kumaliza Juni akafika Desemba bado yuko kwenye msingi amevunja mkataba. Aliyekadiria vibaya, bei ya mbao ikapanda na vibarua wakamkimbia, naye amevunja mkataba. Madeni ya namna hiyo yanafutika na, kwa maoni yangu, yanastahili kufutika. Kama kila fundi aliyewahi kupiga hesabu vibaya angefungwa na deni maisha yake yote, asingebaki wa kujenga. Ulaghai unadai zaidi ya hapo. Uonyeshe kwamba alisema jambo la uongo, alijua ni la uongo, alikusudia kukudanganya, nawe ukamwamini kwa sababu ya haki na kumwamini huko kukakutia hasara. Na nia hiyo inapimwa kwa saa ile aliyopokea fedha. Tamaa iliyomwingia wiki tatu baadaye, alipoona salio limenona, haitoshi kwa kifungu hiki.

Angalau mzigo wa ushahidi hauvunji mgongo. Mwaka 1991, katika kesi ya Grogan dhidi ya Garner, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mdai anahitaji kushinda kwa mizani ya kawaida ya kesi za madai, yaani ushahidi wake uzidi wa upande wa pili, hata kama ni kwa unyoya. Mwaka 1995, katika Field dhidi ya Mans, ikasema mdai hatakiwi kuwa amefanya upelelezi kabla ya kuamini. Asifumbe tu macho mbele ya uongo ulio wazi.

Sasa tutazame jinsi nia inavyothibitishwa, kwa mfano wa kubuni katika mahali halisi. Dallas hupigwa na mvua ya mawe majira ya kuchipua, na kesho yake magari ya waezekaji yanapita mtaa kwa mtaa yakigonga milango. Familia inasaini mkataba tarehe 3 Aprili na kutoa dola 14,000 za kununulia vifaa. Taarifa ya benki ya mkandarasi inapoletwa mahakamani inasimulia hivi: tarehe 4, dola 6,200 zimelipwa duka la vifaa, lakini kwa oda ya mteja wa Februari aliyekuwa akitishia kushtaki. Tarehe 5, dola 1,900 za mkopo wa gari. Tarehe 9, dola 3,000 taslimu. Vigae vya familia ile havikuagizwa kamwe.

Kwa hayo peke yake wakili wa mkandarasi bado ana la kusema. Wakandarasi wengi huendesha biashara kwa kuziba shimo la mteja mmoja kwa udongo wa mteja mwingine, na majaji wengi wameshasema kwamba kuchanganya fedha ni uendeshaji mbaya wa biashara, si lazima uwe ulaghai. Lakini kuna karatasi nyingine, ambayo mkandarasi ameijaza mwenyewe. Sheria inamtaka mdaiwa ataje kila malipo aliyompa mtu yeyote kwa ajili ya ushauri wa kufilisika, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi. Karatasi inaonyesha kwamba wakili wake wa mufilisi alilipwa tarehe 27 Machi. Wiki moja kabla ya kushika advansi ya familia ile, na kuahidi kuanza kazi baada ya siku kumi, tayari alikuwa akijiandaa kufilisika. Hapo hakuna anayehitaji kuusoma moyo wake. Kwa hiyo fomu za kesi za mdaiwa zisomwe mstari kwa mstari, tena na mtu anayejua tarehe za mkataba. Zinapatikana kwa yeyote.

Wengine hutegemea uongo wa leseni, na kweli mara nyingine unaupata bila kuutafuta. Mwezekaji wa Texas akikuambia ana leseni ya jimbo ya kuezeka paa, amedanganya papo hapo, kwa kuwa Texas haitoi leseni hiyo. California inaitoa, tena inamlinda mwenye nyumba kwa ukali: aliyefanya ujenzi bila leseni anaweza kuamriwa kurudisha malipo aliyopokea, hata kama kazi ilikuwa safi. Lakini ukali huo uligonga mwamba katika kesi ya Ghomeshi dhidi ya Sabban, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa mwaka 2010. Mkandarasi alikuwa ameendesha ukarabati bila leseni, na mahakama ya jimbo ikamwamuru arudishe fedha. Alipofilisika, wenye nyumba wakasema deni hili limetokana na uongo. Mahakama ikakataa. Amri ya kurudisha fedha ilitokana na kukosa leseni, si na kudanganya, na uongo wenyewe haukuwa umewatia hasara, kwa sababu kazi waliyopata ilikuwa na thamani. Deni likafutwa. Uamuzi huo unaudhi ukiusoma mara ya kwanza, lakini mantiki yake ina mashiko: haitoshi kuwe na uongo upande mmoja na deni upande mwingine. Lazima hili lizaliwe na lile.

Uongo mwingine una kinga ya ajabu. Mkandarasi anayekuambia kwa mdomo, huku amekaa sebuleni kwako, kwamba kampuni yake ina mtaji wa kutosha na hana deni hata la senti, huenda akaondoka salama hata kama ni uongo mtupu. Sheria inataka maelezo ya uongo kuhusu hali ya kifedha ya mtu yawe ya maandishi ndipo yamnyime msamaha, na mwaka 2018, katika Lamar, Archer & Cofrin dhidi ya Appling, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata maelezo kuhusu mali moja tu yanahesabiwa kuwa ya hali ya kifedha. Kesi hiyo haikuwa ya ujenzi, ilikuwa ya mteja aliyewaambia mawakili wake kwamba anasubiri marejesho makubwa ya kodi, lakini inawagusa wenye nyumba moja kwa moja. “Nina fedha benki” ya mdomo haikusaidii. “Fedha zako zitanunua vifaa vyako” ni habari tofauti. Hiyo ni ahadi ya matumizi, na kama alikuwa hana nia ya kuitimiza ni uongo wa kawaida unaoshtakika. Mtake aziandike zote mbili.

Baadhi ya majimbo yamefungua mlango wa pili. Kifungu cha 523 kinakataa pia kufuta deni la mtu aliyekula fedha alizoaminiwa kama mdhamini. Mkandarasi wa kawaida si mdhamini wa mtu, lakini Michigan, kwa sheria yake ya mwaka 1931, inasema fedha zinazolipwa kwa ajili ya ujenzi ni amana, kwa faida ya aliyezilipa, ya vibarua na ya wauza vifaa. Anayezitumia kwa mambo mengine kabla hao hawajalipwa amevunja amana. Texas na New York nazo zina sheria za amana ya ujenzi, kila moja na orodha yake ya wanaolindwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kuthibitisha uongo wa siku ya mkataba. Unafuata fedha zilipokwenda. Mahakama ya Juu ilibana kidogo mwaka 2013, katika Bullock dhidi ya BankChampaign, ikitaka kuwe na kusudi au upuuzaji wa makusudi wa hatari iliyo wazi. Uzembe wa daftari peke yake hautoshi.

Kifungu kingine, cha madhara ya makusudi, hutajwa na mawakili karibu katika kila hati ya madai na hushinda mara chache. Tangu uamuzi wa Kawaauhau dhidi ya Geiger wa mwaka 1998, lazima uonyeshe kwamba mtu alikusudia madhara yenyewe, si kitendo kilichoyaleta tu.

Suala la nani hasa anabeba deni lilipata jibu jipya Februari 2023, na kesi yenyewe ilitoka kwenye ukarabati wa nyumba. Wapenzi wawili, waliokuja kuoana baadaye, walinunua nyumba San Francisco mwaka 2005 ili waikarabati na kuiuza. Mume ndiye aliyesimamia kazi: wahandisi, mafundi, vibali. Mke hakushika usukani. Walipouza, walitia saini fomu ya kueleza kasoro zote wanazozijua. Mnunuzi akaja kukuta paa linavuja, madirisha yana hitilafu, ngazi ya kukimbilia moto haipo na vibali vina matatizo. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya zaidi ya dola 200,000. Mke akadai kwamba hakujua lolote. Katika Bartenwerfer dhidi ya Buckley, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walisema haijalishi: fedha zilipatikana kwa ulaghai, na kwa vile wawili hao walikuwa wabia katika mradi ule, deni la ulaghai wa mmoja halifutiki kwa mwingine. Mahakama hiyo ilikuwa imeshasema jambo la aina hiyo kuhusu wabia mwaka 1885. Wanaolia kwamba ni ukatili kwa mke wana hoja, lakini mwenye kugawana faida ya mradi na asigawane madhara yake naye ana maswali ya kujibu. Kuwa mke tu wa mkandarasi, bila ubia, hakumfanyi mtu adaiwe.

Kampuni je? Wakandarasi wengi husaini kwa jina la kampuni, na mteja hudhani amefungwa mikono. Kampuni chini ya Sura ya 7 haifutiwi madeni hata kidogo, ila huwa imebaki gofu, haina cha kuchukuliwa. Muhimu ni kwamba aliyetamka uongo kwa kinywa chake anawajibika yeye binafsi kwa uongo huo, hata kama alikuwa amevaa kofia ya kampuni. Yeye ndiye unayemfuata.

Kuna habari mbili njema ambazo wenye nyumba hawazisikii mara nyingi. Kwanza, kama ulishakubaliana naye mlipane kwa awamu na ukaachana na kesi, ulaghai wa asili haukuoshwa na makubaliano hayo; hivyo ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 2003 katika Archer dhidi ya Warner. Pili, kinachonusurika ni zaidi ya advansi. Katika Cohen dhidi ya de la Cruz, ya mwaka 1998, mwenye nyumba za kupanga huko New Jersey alikuwa amewatoza wapangaji zaidi ya dola 31,000 kinyume cha sheria, na sheria ya kumlinda mlaji ikazizidisha mara tatu hadi zaidi ya 94,000, pamoja na gharama za wakili. Mahakama ya Juu ilisema zote hazifutiki. Jimbo lenye sheria kama hiyo dhidi ya wakandarasi linaweza kukupa hesabu ya namna hiyo.

Gharama sasa. Ada ya kufungua shauri ni dola 350, na wakili anaweza kula sehemu kubwa ya deni lenyewe, kwa hiyo advansi ya dola 3,000 hesabu yake ni ngumu. Kabla ya kulipa chochote hudhuria mkutano wa wadai. Siku hizi mingi hufanyika kwa video, haina kiingilio, na mdaiwa anajibu chini ya kiapo. Mfilisi, yaani anayesimamia mali ya mdaiwa, akishamaliza maswali yake, wewe uliza mawili: fedha zangu ziliingia akaunti gani, na siku hiyo ulikuwa unadaiwa na wateja wangapi wengine? Na kama tayari una kesi katika mahakama ya jimbo kabla hajafilisika, usiridhike na hukumu inayosema “amevunja mkataba”. Mwombe jaji aandike bayana kwamba amekuta ulaghai na ulaghai gani. Hukumu yenye maelezo hayo mara nyingi hubeba kesi ya mufilisi bila kuanza upya.

Wakati wote huo usimpigie simu kumtisha. Mara tu anapofungua ufilisi, zuio la papo kwa papo linakataza kumdai, kumshtaki nje ya mahakama ya mufilisi au kumsumbua, na anayelikiuka anaweza kujikuta yeye ndiye anayelipa fidia. Zuio hilo, hata hivyo, halimgusi mwendesha mashtaka. Mashtaka ya jinai yanaendelea, na fidia ambayo mahakama ya jinai humwamuru mtu alipe kama sehemu ya adhabu hainyofolewi na ufilisi. Hilo lilisemwa tangu mwaka 1986 katika Kelly dhidi ya Robinson, na halina siku 60. Polisi wengi watakuambia ni suala la madai, nenda mahakamani. Ukiwa na wateja wengine wanne wenye mkataba wa mtindo ule ule na advansi ya namna ile ile, rudini pamoja.

Ukishinda, umeshinda haki ya kudai tu. Texas, kwa mfano, hairuhusu mshahara wa mtu kukatwa kwa deni la kawaida kama hili, na nyumba anayoishi inalindwa. Hukumu inasubiri hadi apate kitu, na inaweza kuhuishwa kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana, kabla ya kumfukuza yeye, tazama nani mwingine anaweza kulipa. California humtaka mkandarasi mwenye leseni aweke dhamana ya dola 25,000. Arizona ina mfuko wa fidia unaoweza kumlipa mwenye nyumba hadi dola 30,000, na Maryland, Virginia na Minnesota zina mifuko ya aina hiyo, kila mmoja na masharti yake na tarehe zake za mwisho. Mifuko hiyo hulipa kwa makosa ya wakandarasi waliosajiliwa. Aliyeajiri fundi asiye na leseni kwa kuwa alikuwa na bei nafuu kwa robo, mfuko haumhusu.